Chombo cha Udongo: Historia Fupi ya Kuyaandaa Machapisho ya Kidijitali kwa Hifadhi ya Muda Mrefu

Utangulizi

Katika sura ya 32 ya kitabu cha nabii Yeremia tunasoma habari za shamba lililonunuliwa wakati Yerusalemu imezingirwa na majeshi ya Babeli. Nabii alilinunua shamba la Anathothi kwa jamaa yake Hanameli, akapima fedha, akaandika hati, akaita mashahidi. Kisha akamwagiza Baruku azichukue hati zote mbili, ile iliyotiwa muhuri na ile iliyo wazi, akazitie katika chombo cha udongo ili zipate kukaa siku nyingi. Wahubiri wamezoea kulitumia fungu hili kufundisha juu ya tumaini, nao wanafanya vema. Lakini fungu hilohilo lina habari nyingine ambayo huwa tunaipita haraka. Hati zilikuwa mbili, moja ya kusomwa na moja ya kuhifadhiwa. Kilichaguliwa chombo kinachofaa. Na palikuwako mtu aliyetajwa kwa jina ambaye ndiye aliyepewa kazi hiyo.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi jinsi maktaba zilivyojifunza kuyahifadhi maandishi yaliyotungwa kwa kompyuta, na jinsi chapisho linavyopaswa kuandaliwa ili maktaba iweze kulipokea na kulitunza. Jambo hili si la mafundi peke yao. Kwa zaidi ya miaka 30 maandishi ya makanisa na vyuo vyetu yamekuwa yakiandikwa kwa kompyuta: tasnifu za wanafunzi, mihutasari ya mikutano mikuu, barua za kichungaji, majarida, vitabu vya masomo ya Biblia. Mengi ya hayo sasa hayapigwi chapa kwenye karatasi kabisa. Mwandishi wa makala hii aliwahi kufunguliwa kabati katika ofisi moja ya kanisa, akaonyeshwa boksi la disketi zilizoandikwa kwa kalamu majina ya mikutano ya miaka ya 1990. Haikuwako mashine ya kuzisoma. Ilipopatikana, nyingine zilikuwa zimeota ukungu, na katika zile zilizofunguka baadhi zilionyesha alama zisizo na maana, kwa sababu programu iliyoziandika haikutumika tena. Hakuna aliyezichoma wala aliyeziiba. Ziliwekwa tu.

1. Maaskofu wa Kaisaria

Tatizo la maandishi kuharibika kwa sababu ya chombo chake ni la kale kuliko kompyuta, na wa kwanza kulishughulikia katika historia ya Kanisa walikuwa watu wa maktaba ya Kaisaria ya Palestina. Maktaba hiyo ilikua kutokana na vitabu vya Origen, aliyehamia Kaisaria katika karne ya 3. Baada yake ilitunzwa na kuongezwa na Pamphilus, mzee wa kanisa aliyeuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya 4, na kisha mwanafunzi wake Eusebius, askofu na mwanahistoria, akaitumia kuandika historia ya Kanisa.

Vitabu vingi vya wakati ule viliandikwa kwenye mafunjo. Mafunjo hudumu sana katika mchanga mkavu wa Misri, lakini katika hewa yenye unyevunyevu ya pwani huoza na kuvunjikavunjika. Jerome anatuarifu kwamba katika karne hiyo ya 4 maktaba ya Kaisaria ilikuwa imekwisha kuharibika kwa sehemu, na kwamba maaskofu Acacius na Euzoius walijitahidi kuifanya upya kwa kuvinakili vitabu hivyo kwenye ngozi. Wakutubi wa leo huiita kazi ya namna hii uhamishaji: maneno hubaki yaleyale, bali chombo kinachoyachukua hubadilishwa kabla cha kwanza hakijaharibika kabisa. Maaskofu hao hawakungoja mafunjo yaishe. Waliona dalili, wakagharimia ngozi, wakaweka waandishi.

Maktaba ya Kaisaria yenyewe haikusalia. Kilichosalia katika vitabu vyake ni kile kilichonakiliwa na kupelekwa mahali pengine, na mfano ulio wazi kuliko yote ni kazi kubwa ya Origen iitwayo Heksapla, iliyopanga maandiko ya Agano la Kale katika safu sita. Kwa ukubwa wake yaelekea haikunakiliwa nzima hata mara moja. Safu ya tano, yenye tafsiri ya Kiyunani, ndiyo iliyonakiliwa kwa bidii na Pamphilus na Eusebius, na mwanzoni mwa karne ya 7 Paulo wa Tella akaitafsiri kwa Kisiria. Kwa hiyo safu hiyo twaijua kwa sehemu kubwa, na zilizobaki twazijua kwa vipande tu.

Kuna kundi jingine linalostahili kutajwa hapa, yaani Wamasora, wale wataalamu wa Kiyahudi waliotunza maandiko ya Kiebrania katika karne za kati. Hawakuridhika na kunakili kwa uangalifu. Walihesabu. Mwishoni mwa vitabu waliandika jumla ya aya na kutaja mahali palipo katikati ya kitabu, ili mwandishi atakayefuata apate kupima kazi yake. Kama hesabu haikulingana, alijua kwamba ameacha au ameongeza kitu. Tutaona hapa chini kwamba kompyuta za maktaba za leo hufanya jambo hilohilo mara kwa mara.

2. Karatasi, matbaa na wajibu wa kuweka nakala

Uvumbuzi wa matbaa katika karne ya 15 ulibadili mambo. Nakala ziliongezeka kwa mamia, na kitabu kilichotawanyika katika miji mingi hakikuangamia kwa moto mmoja. Hata hivyo wingi peke yake haukutosha, kwa kuwa kitu kilicho kingi hudharauliwa. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani juu ya shule, na mwishoni mwa waraka huo aliwahimiza wasihurumie fedha katika kujenga maktaba nzuri. Aliona kwamba vitabu visivyo na nyumba na mtunzaji hupotea, hata vikiwa vimepigwa chapa.

Nchini Ufaransa, mwaka 1537, mfalme Francis wa Kwanza alitoa amri huko Montpellier kwamba kila kitabu kinachopigwa chapa nakala yake iwekwe katika maktaba ya kifalme. Huo ndio mwanzo wa sheria za kuweka nakala, ambazo leo zipo katika nchi nyingi. Kwetu Afrika Mashariki pia sheria za namna hii zilitungwa, mathalani sheria ya Kenya ya vitabu na magazeti ya mwaka 1960. Lakini karibu sheria zote za zamani zilitungwa kwa kufikiri karatasi. Mchapishaji alichukua kitabu, akakipeleka, akapewa stakabadhi. Maktaba ilikiweka rafuni, na kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Tena karatasi ilikuwa na siri yake. Tangu katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zilitengenezwa kwa massa ya mti na kutiwa dawa zenye asidi. Asidi hiyo hula karatasi kutoka ndani, ikageuka rangi ya kahawia na kukatika mkononi. Magazeti ya kwanza ya misheni katika nchi yetu, kama lile la Pwani na Bara lililoanza kutolewa mwaka 1910, yalipigwa chapa katika enzi hiyo ya karatasi. Katika miaka ya 1950 Mmarekani William J. Barrow alionyesha kwa majaribio chanzo cha uharibifu huo, lakini kanuni ya kimataifa ya karatasi ya kudumu, ISO 9706, ilitolewa mwaka 1994 tu. Yaani zaidi ya miaka 100 ilipita kati ya kosa na kanuni. Wakati karatasi ilipopata kanuni yake, waandishi walikuwa wamekwisha kuanza kuiacha.

3. Fundisho la Domesday

Kwa amri ya mfalme William wa Uingereza nchi yake ilihesabiwa mwaka 1086, mashamba, mifugo na watu, na habari zikaandikwa kwenye ngozi katika kitabu kinachoitwa Domesday. Kitabu hicho kipo hadi leo, na anayejua Kilatini aweza kukisoma.

Mwaka 1986, ilipotimia miaka 900, shirika la utangazaji la BBC lilitengeneza Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walishiriki kukusanya picha, ramani na maelezo ya maisha ya kila siku katika vijiji na miji yao. Gharama yake ilikuwa kama pauni milioni 2.5. Yote yaliwekwa katika diski mbili kubwa zinazosomwa kwa mwanga wa leza, na kusomeka kwake kulihitaji kompyuta ya aina moja tu pamoja na mashine ya aina moja tu. Mashine hizo zilikuwa ghali, zikauzwa chache, kisha zikaacha kutengenezwa. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu waliona kwamba Domesday ya ngozi, yenye umri wa miaka 900, ilisomeka vema, na ile ya leza, yenye umri wa miaka 15 hivi, ilikuwa karibu kuwa bubu.

Haikupotea. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leeds na Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha programu inayoifanya kompyuta ya kisasa ijifanye kuwa ile ya zamani, nayo diski zikafunguka. Mwaka 2011 habari za vijiji ziliwekwa katika tovuti ili watu wote wazisome, na tovuti hiyo ilipofungwa mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kunakiliwa na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Lakini tazama ni kazi kiasi gani. Katika muda wa miaka 32 maneno yaleyale yalilazimika kuokolewa zaidi ya mara moja, na kila mara kwa mikono ya wataalamu na kwa fedha.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya karatasi na faili la kompyuta. Karatasi huweza kuvumilia kusahauliwa. Daftari la ubatizo lililofungiwa ndani ya sanduku la bati kwa miaka 80, kama halikuingiwa na mchwa wala maji, lafunguliwa na kusomwa na mtoto yeyote aliyefika darasa la tatu. Faili halivumilii hivyo. Lahitaji mashine ya kulipokea, programu ya kulifasiri, na umeme. Kimojawapo kikikosekana, maneno yapo lakini hayasemi.

4. Maktaba zaanza kujibu

Mwezi Januari 1995 Jeff Rothenberg, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alichapisha makala katika jarida la Scientific American akiwaonya wasomaji juu ya hatari hiyo. Yeye aliona dawa ni kuziiga mashine za kale kwa programu, kama ilivyofanyika baadaye kwa Domesday. Wengine walishikilia njia ya Kaisaria, yaani kuyahamisha maandishi kila mara kutoka umbizo linalozeeka hadi jipya. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi, na leo maktaba kubwa hutumia njia zote mbili kwa kadiri ya aina ya kitu. Kwa maandishi ya kawaida kama ya jarida au tasnifu, njia ya kuhamisha hutosha, ila kwa sharti kwamba maandishi yameandaliwa vema tangu mwanzo.

Mwaka 1996 jopo lililoundwa na taasisi mbili za maktaba za Marekani lilitoa taarifa iliyosema jambo lililowashtua wachapishaji: mtu wa kwanza kuwajibika kwa uhai wa chapisho la kidijitali ni yule aliyelitunga, kwa maana maamuzi anayoyafanya siku ya kuandika ndiyo yatakayoliwezesha au kulizuia kudumu. Mwaka huohuo Brewster Kahle alianzisha Internet Archive, hifadhi inayonakili kurasa za mtandao wa dunia, na mwaka 2002 nakala ya mkusanyo wake ilipelekwa katika maktaba mpya ya Aleksandria nchini Misri. Huenda waliochagua mji huo walikumbuka yaliyoipata maktaba ya kwanza.

Mwaka 1999 wakutubi na mafundi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Vicky Reich na David Rosenthal, walianzisha mpango wa LOCKSS, ambao jina lake ni kifupi cha maneno yenye maana kwamba nakala nyingi hulinda vitu. Kila maktaba inayoshiriki huweka nakala ya majarida katika kompyuta yake. Kompyuta hizo huulizana kwa zamu kama nakala zao zinafanana. Moja ikionekana imeharibika, hurekebishwa kutoka kwa wenzake. Mpango huu uliyafanyia majarida ya kidijitali kile ambacho matbaa ilikifanyia Biblia: kuyatawanya kiasi kwamba mkono mmoja hauwezi kuyafuta.

Nchini Uholanzi, maktaba ya taifa iliafikiana na kampuni ya Elsevier mwaka 2002 kuyapokea na kuyatunza majarida yake yote ya kidijitali. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa maktaba ya taifa kubeba mzigo kama huo kwa ajili ya mchapishaji mkubwa wa kimataifa. Mwezi Oktoba 2003 UNESCO ilipitisha hati juu ya kuhifadhi urithi wa kidijitali. Nayo Uingereza ilipanua sheria yake ya kuweka nakala mwaka 2013, machapisho yasiyo ya karatasi nayo yakaingizwa humo.

Lakini mchango ulioingia ndani zaidi ulitoka kwa watu wa anga za juu. Mashirika yanayorusha vyombo angani yalikuwa na kanda nyingi za vipimo zilizokuwa hatarini, na kamati yao ilitoa mwaka 2002 mwongozo wa jinsi hifadhi inavyopaswa kufanya kazi, unaojulikana kwa kifupi kama OAIS. Mwaka 2003 ukawa kanuni ya kimataifa, ISO 14721. Mwongozo huo hauhesabu muda mrefu kwa miaka. Wasema ni muda wowote unaotosha kwa mashine kubadilika na kwa wasomaji kubadilika. Nao watenga mafurushi matatu: furushi ambalo mchapishaji hulikabidhi, furushi ambalo maktaba hulihifadhi, na furushi ambalo msomaji hupewa. Anayekumbuka hati mbili za Yeremia, ya muhuri na ya wazi, hatapata taabu kuelewa kwa nini la pili na la tatu hayapaswi kuwa kitu kimoja.

5. Jinsi chapisho linavyoandaliwa

Kutokana na historia hiyo zimepatikana taratibu ambazo leo hufuatwa na wachapishaji waangalifu. Zafaa zielezwe moja moja.

(a) Umbizo. Umbizo la PDF lilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane sawasawa katika kila mashine. Lakini PDF ya kawaida yaweza kutegemea vitu vilivyo nje yake. Kwa hiyo mwaka 2005 ilitolewa kanuni ya PDF/A, ISO 19005, ambayo inadai faili lijitosheleze: herufi zote ziwe ndani yake, lisifungwe kwa neno la siri, lisiwe na sauti wala programu ndogo zilizofichwa. Pamoja na PDF/A yafaa kutunza pia maandishi asilia, ikiwezekana katika XML au maandishi sahili yasiyo na mapambo, kwa maana hayo ndiyo yaliyo rahisi kuhamishwa.

(b) Herufi. Hapa majarida ya theolojia yana jeraha lake lenyewe. Katika miaka ya 1990 wengi waliandika Kiyunani na Kiebrania kwa fonti ambazo ziliweka sura ya herufi za kigeni juu ya vitufe vya Kilatini. Kwenye kioo neno lilionekana la Kiyunani, lakini ndani ya faili yalikuwa maandishi ya Kilatini tu. Fonti ikipotea, neno logos laweza kutokea kama logoj, kwa sababu sigma ya mwisho iliwekwa kwenye kitufe cha j. Ufafanuzi mzima wa Yohana 1 huweza kugeuka kitendawili namna hiyo. Mfumo wa Unicode, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, huipa kila herufi ya kila lugha namba yake yenyewe, isiyotegemea fonti. Mwenye makala za zamani zilizo na Kiyunani na Kiebrania hana budi kuzigeuza kuwa Unicode wangali hai wanaoweza kuzisahihisha.

(c) Taarifa za utambulisho. Kitabu cha karatasi hujieleza kwa jalada lake. Faili linaloitwa makala3mpya halijielezi. Mwaka 1995 wakutubi na wataalamu wa mtandao walikutana Dublin katika jimbo la Ohio, na kutokana na mkutano huo yakapatikana maelezo 15 ya msingi yaitwayo Dublin Core: mtungaji, jina la kazi, tarehe, mchapishaji, lugha, haki na mengineyo. Jarida liwe na namba yake ya ISSN, kila toleo liwe na mwaka na namba yake, na jina la faili lifuate utaratibu mmoja usiobadilishwa na kila katibu mpya.

(d) Alama ya ukaguzi. Kompyuta huweza kulipitia faili zima na kutoa mfuatano wa tarakimu na herufi unaolitambulisha. Ikibadilika nukta moja tu ndani ya faili, mfuatano huo hutoka tofauti kabisa. Maktaba huandika alama hiyo siku ya kupokea, kisha huikokotoa tena mara kwa mara na kulinganisha. Ndiyo hesabu ya Wamasora, ila kwa kasi ya mashine.

(e) Nakala na mahali. Pawe na nakala zisizopungua tatu, katika vyombo vya aina tofauti, na angalau moja iwe katika mji mwingine. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town ukateketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger pamoja na hazina kubwa ya vitabu na filamu za Afrika. Vile ambavyo nakala zake za kidijitali zilikuwa mahali pengine, angalau maneno yake yalisalia.

(f) Ruhusa. Maktaba haiwezi kuhamisha, kunakili na kugeuza umbizo la kitu ambacho haina haki ya kukigusa. Mhariri na apate kwa maandishi idhini ya kila mtungaji, ikisema wazi kwamba maktaba yaruhusiwa kufanya hivyo. Jarida lisilo na idhini hizo huweza kubaki rafuni pa kidijitali likingoja watungaji waliokwisha kufariki.

6. Haya yanatuhusuje?

Pana anayeweza kusema kwamba haya ni mambo ya matajiri. Historia haikubaliani naye. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 na Mikael Laakso na wenzake ulipata majarida 174 ya bure ya kitaaluma yaliyotoweka kabisa mtandaoni kati ya mwaka 2000 na 2019. Mengi yalikuwa ya taaluma za jamii na za utu, nayo yalitoka katika sehemu zote za dunia, nchi tajiri zikiwemo. Mwaka 2024 Martin Eve alichunguza machapisho zaidi ya milioni 7 yenye namba za utambulisho wa kudumu, akaona kwamba zaidi ya robo hayakuonekana katika hifadhi yoyote kubwa. Wanaopotelewa ni wachapishaji wadogo popote walipo: chuo kimoja, mhariri mmoja, kompyuta moja. Msomaji ataona kwamba maelezo hayo yanatufaa sisi.

Kwa upande mwingine, njia zilizo wazi kwa wadogo zimeongezeka. Programu ya kuendeshea majarida iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, itumikayo sasa na majarida mengi ya Afrika, hutolewa bure, na wenye programu hiyo wameandaa mtandao wa hifadhi unaotumia mpango ule wa LOCKSS. Majarida ya Afrika yana pia African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998. Gharama iliyo kubwa kwetu si ya mashine bali ya mtu, yaani muda wa mhariri au mkutubi anayejua kwamba kazi hii ni yake.

Tukumbuke vilevile kwamba sehemu ya kumbukumbu zetu hutunzwa mbali nasi. Picha za misheni ya Leipzig zilizopigwa Kilimanjaro, Meru na Upare zatazamwa leo katika hifadhi ya picha za misheni iliyoko Chuo Kikuu cha Southern California, na nyaraka za misheni hiyo ziliwekwa mwaka 2006 katika taasisi za Francke mjini Halle. Twashukuru kwamba zimetunzwa. Lakini picha zile ziliandikiwa maelezo na wamisionari, na mara nyingi mtu aliyesimama mbele ya kamera hakutajwa jina. Yale tunayoyaandika sisi wenyewe katika kizazi hiki, kwa lugha yetu, tukiwataja watu wetu kwa majina yao, hayana misheni ya Ulaya itakayoyatunza. Tusipoyaandaa, mwanahistoria wa karne ijayo atakuwa na picha za mwaka 1910 na asiwe na mihutasari ya mwaka 2010.

Ni kweli pia kwamba si kila kitu kinastahili kuhifadhiwa. Kuna barua za ofisi zilizotimiza kazi yake siku ileile, na kuna mambo ya siri ya uchungaji ambayo hayapaswi kuwekwa mahali pa kusomwa. Uchaguzi ni sehemu ya kazi. Lakini uchaguzi hufanywa na mtu anayetazama na kuamua, na hatuwezi kuuachia ukungu wa disketi uamue kwa niaba yetu.

Hitimisho

Tumeona kwamba maaskofu wa Kaisaria, wahesabuji wa herufi wa Kiyahudi, mfalme wa Ufaransa, wakutubi wa Stanford na mafundi wa anga za juu walikabili swali moja kwa vyombo mbalimbali. Majibu yao yanafanana: hamisha kabla ya kuharibika, hesabu ili ujue kama kimebadilika, tawanya nakala, na mweke mtu wa kuwajibika.

Mwandishi anapendekeza hatua tatu kwa vyuo na dayosisi. Kwanza, yafanyike mwaka huu huu matembezi ya makabati, ili disketi, diski na kompyuta za zamani ziorodheshwe na yaliyomo yatolewe wangali wapo wanaokumbuka yaliandikwa kwa programu gani. Pili, kila tasnifu na kila toleo la jarida likabidhiwe maktaba katika umbizo la kudumu, likiwa na maelezo yake na idhini yake, na mkutubi atoe stakabadhi kama ilivyokuwa kwa kitabu cha karatasi. Tatu, katika kila chuo atajwe kwa jina mtu mwenye kazi hiyo, na atakapohamishwa atajwe mwingine siku ileile. Chombo cha udongo kilikuwa cha bei ndogo, lakini Baruku alijua kwamba yeye ndiye aliyeagizwa.